Herufi Mbili Kwenye Santuri ya Kijivu

Sura ya Saba

Santuri ilipofika mahali pale kwa mara ya sita asubuhi ile, Inspekta Plouvier alivua miwani akajifunika uso kwa gazeti.

"Odile, mdogo wangu, nakuomba kama ndugu. Ukiirudisha tena, naenda kukiri mimi."

Inspekta Odile Lestienne aliendelea kusikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya gramafoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukigongagonga meza kwa penseli. Kwanza ulisikika mngurumo, kama zulia zito linaloburutwa sakafuni. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya polepole, kama ya mlevi anayejitahidi asionekane amelewa. Maneno yalizama na kuibuka. Mwisho chombo fulani cha umeme kikalia, piii, kikanyamaza, piii, kikanyamaza, mara tisa. Upande wa pili wa santuri ukaisha.

Mbele yake kulikuwa na karatasi ya fundi wa sauti wa polisi wa Lille. Fundi alikuwa amepiga taipu kila neno aliloweza kulikamata:

"(Haisikiki)... kila siku... (haisikiki)... nikamsukuma. Akashuka, hakulia. (Haisikiki)."

"Nikamsukuma," alisema Odile. "Neno moja, na kijana wa miaka ishirini na mbili anakwenda gerezani."

"Ni neno zuri kwa kazi yetu," Plouvier alisema chini ya gazeti.

Mwezi Novemba, Edmond Desreumaux, mlinzi wa kiwanda cha nyuzi kilichofungwa pale Roubaix, alikutwa amekufa chini ya shimo la lifti ya mizigo. Ilisemwa ameteleza, na faili likafungwa. Januari, kundi la vijana waliokuwa wakipiga muziki wao ndani ya kiwanda hicho wakatoa santuri. Zilikuwa nakala mia mbili tu, jalada la kijivu, pasipo jina la kundi wala la wimbo. Watu waliiita ya Kijivu, basi. Mwanafunzi mmoja wa Tourcoing aliisikiliza chumbani kwake, akaandika barua polisi. Jana, saa kumi na moja jioni, mwimbaji wa kundi hilo, Bastien Queval, alikamatwa.

Leo saa kumi na moja muda wa kumshikilia ungekwisha. Jaji wa uchunguzi alikuwa ameshaandaa hati ya kumpeleka mahabusu. Ilikosa kitu kimoja: ripoti ya Odile kwamba sauti ile ni ya Bastien. Sasa ilikuwa saa nne.

Odile aliinua santuri akaielekeza dirishani. Karibu na karatasi ya katikati, mahali pasipo na mifereji ya sauti, mtu alikuwa amekwangua kwa sindano herufi mbili: LA.

"Los Angeles," alisema Plouvier.

"Fernand!"

"Basi ni herufi za jina la mtu. Lucien nani, Louis nani. Mbona kazi ndogo? Tafuta Louis mwenye chuki na walinzi."

Odile alishavaa koti.

*

Bastien Queval alikuwa mrefu, na ndevu zake za siku mbili zilimfanya aonekane mgonjwa. Hakuwa amekula mkate aliopewa.

"Hii sauti ni yako?" Odile aliuliza.

Kijana alimtazama, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aletwe.

"Afande, mnanitania?"

"Sikutanii. Ni yako au si yako?"

"Mnajua vizuri sana si yangu. Mnataka niseme 'si yangu', halafu mniulize 'basi ya nani?' Na hapo ndipo sitajibu. Bora nisianze."

"Kwa nini usijibu?"

"Tuliahidi."

"Mlimwahidi nani?"

Bastien aliuchukua ule mkate, akaukata vipande vidogo vidogo, akavipanga mezani. Hakula hata kimoja.

*

Mjane wa Desreumaux aliishi peke yake katika safu ya nyumba za matofali nyuma ya kiwanda. Alikuwa mama mfupi, amejifunga aproni ya maua, na alimkaribisha Odile jikoni kabla hata ya kuuliza ametumwa na nani. Akamimina kahawa iliyochanganywa na unga wa mzizi wa chikori, akakata kipande cha mkate wa sukari.

"Kula, binti. Umekonda kama uzi wa mwisho wa kiwanda. Na hiyo miguu itulize, unanitikisia meza."

Odile alituliza miguu.

"Mama Desreumaux, unamjua mtu yeyote, rafiki au adui wa mumeo, ambaye jina lake linaanza na L na A?"

Mjane alifikiri. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo, ikitoka chini ya kifua. Alisema ni vumbi la pamba; alisokota nyuzi miaka ishirini na miwili, na vumbi lilimla koo.

"Lucien Allart. Muuza vyuma chakavu. Alitaka zile mashine za zamani, Edmond akamfukuza. Walitukanana hapo mlangoni mtaa mzima ukasikia. Lakini Lucien hawezi kumuua hata nzi."

"Na siku ile ulimwona mumeo saa ngapi?"

"Asubuhi, alipotoka. Nilizoea kumpelekea supu saa sita. Siku ile sikwenda, mvua ilikuwa kubwa." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Yule kijana mliyemkamata, binti. Watampa miaka mingapi?"

"Ikithibitika ni yeye, mingi."

"Ana mama?"

"Anaye. Yuko Amiens."

Mjane alisogeza sahani ya mkate karibu na Odile, ingawa Odile alikuwa hajamaliza kipande cha kwanza.

Kwenye kibanda cha simu cha pembeni, Odile alimpigia Plouvier kumpa jina la Allart. Alizunguka mtaa mara mbili, kisha akapiga tena.

"Muuza vyuma wako ni mtakatifu," alisema Plouvier. "Novemba nzima alikuwa hospitali anakatwa mguu. Labda amsukume mtu kwa barua. Jaji amepiga simu mara mbili. Anauliza kama ripoti yako inachapwa au inachongwa kwenye jiwe."

"Mwambie inachongwa."

"Odile, saa saba inakaribia."

Odile akakata simu.

*

Karakana ya vijana ilikuwa ndani ya duka la zamani la nyama. Ndoano zilikuwa bado zinaning'inia darini, na juu yake, palipokuwa pakitundikwa mbavu za ng'ombe, yalitundikwa majalada ya kijivu yenye wino mbichi. Msichana mwenye nywele alizozikata mwenyewe, tena pasipo kioo, alikuwa akivuta wino juu ya fremu ya hariri ya kuchapia. Huyo ndiye Maud Desplanque. Yeye alichora, alichapa na alipeleka santuri kwa posta mpaka Ubelgiji. Nyuma yake alikaa mpiga gita, Ludovic, miguu juu ya kiti.

"Jamani, kuku ameingia," Maud alisema bila kugeuka. Kuku ndilo jina walilowapa polisi.

"Mpe mahindi aende zake," alisema Ludovic.

"Kuku amekula mkate wa sukari, ameshiba," alisema Odile. "Nataka kujua LA ni nani."

Wale wawili walitazamana. Ludovic akaangua kicheko, lakini hakueleza.

"Nitamwuliza Bastien, basi."

"Bastien hatakwambia kitu. Wala sisi," alisema Maud. "Tuliapa. Muziki wenyewe uko mezani kwako, afande. Usikilize."

"Nimeusikiliza mara sita."

"Na?"

"Unaumiza meno."

"Ahsante," alisema Maud, na ilionekana alifurahi kweli.

Odile alitembea karakana nzima, kutoka ukutani hadi ukutani. Alisoma kila kilichobandikwa: tangazo la maonyesho ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, picha za mikono mitupu, orodha ya watu wa kupelekewa kanda. Kulikuwa na bango moja lililorudiwa mara nyingi, kubwa kuliko mengine. Lilikuwa na namba ya simu, na chini yake: SEMA USICHOWEZA KUMWAMBIA MTU. HATUKUJUI.

"Hii ni nini?"

"Bango," alisema Maud.

Ludovic alikuwa amechoka kungoja. Alichukua gita, akavuta simu ya ukutani kwa waya wake mrefu, akaegemeza mkono wa simu kwenye bega, sikioni. Hakuzungusha namba yoyote. Alikunja uso, akapiga uzi mmoja, akaukaza, akaupiga tena.

"Unampigia nani?" Odile aliuliza.

"Simpigii mtu. Nachukua la."

"La gani?"

"La! Do, re, mi, fa, sol, la." Alimtazama kama mtu anayemwonea huruma. "Ukiinua simu, ile sauti inayokwambia laini iko wazi, ni noti ya la. Kamili kabisa. Kila mpiga gita Ufaransa hii asiye na hela ya kununua kipimo anakaza nyuzi zake kwa simu. Ni kitu pekee serikali inatupa bure."

Odile alisimama katikati ya duka. Kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake ilitulia yenyewe.

"Mkikwangua LA kwenye santuri, mnamaanisha noti?"

"Nilimwomba fundi wa santuri aikwangue. Mwenye masikio angejua la kufanya."

"Washa gramafoni."

Maud aliacha fremu. Kulikuwa na kitu katika sauti ya Odile kilichomfanya asibishe. Alichukua nakala moja ya Kijivu, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaiweka.

"Sogeza sindano mwishoni. Mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, kama kila santuri kubwa."

"Kama unavyotaka," alisema Maud, akimtazama kwa mshangao.

Mngurumo. Sauti ya mlevi. Halafu, piii, piii. Odile alimnyang'anya Ludovic mkono wa simu akauweka kwenye sikio moja, sikio jingine akalielekeza kwa spika. Hakuwa mwanamuziki, lakini hata mtoto angesikia kwamba sauti mbili zile hazikupatana. Ya santuri ilikuwa chini. Tena ilikuwa ya uvivu. Piii, kimya kirefu, piii. Alishawahi kupigiwa mlio ule maelfu ya mara, kila alipotafuta mtu na mtu huyo akawa amekata simu. Haukuwa chombo cha muziki. Ulikuwa mlio wa simu iliyokatwa, uliopunguzwa kasi.

"Arobaini na tano, kasi ya santuri ndogo," alisema. "Rudisha mwanzo wa sauti, weka arobaini na tano."

Maud alisogeza kitufe.

Mlio wa mwisho ulipokuja ulikuwa na haraka yake ya kawaida, na ulilingana na ule wa mkono wa simu kama maji na maji. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imepita sauti, na sauti ile haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya mwanamke mzee, yenye mikwaruzo, inasema haraka kabla ya ujasiri kumwishia:

"Alimwaga supu. Kila siku nampelekea, kila siku ana neno. Siku ile akaimwaga kwenye shimo la lifti huku ananitazama usoni. Nikamsukuma. Akashuka, hakulia. Nikarudi nyumbani, nikakaa. Ni hayo tu. Ahsante."

Majalada yalidondosha wino.

"Hamkuandika kasi kwenye jalada," Odile alisema hatimaye.

"Hatuandiki kitu," alisema Maud. "Jina, kasi, upande wa kwanza, upande wa pili, vyote ni amri. Msikilizaji si mwanajeshi."

"Mwenzenu atalala gerezani kwa sababu msikilizaji si mwanajeshi."

"Mwenzetu mmemshika kwa sababu amekataa kumtaja huyu mama! Aliona bango, akapiga simu, mashine yetu ya kurekodi simu ikamjibu kwa sauti ya Bastien: sema, hatukujui. Akaiamini. Kweli hatumjui. Tungemjua, bado tusingemtaja."

"Maud, tumemshika kwa sababu tunadhani ni yeye."

"Yeye nani?"

"Bastien. Tumedhani hiyo ni sauti ya Bastien."

Ludovic alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Maud alikaa chini palepale, juu ya karatasi mbichi. Alipoinuka baadaye suruali yake ilikuwa na kijivu nyuma, wala hakujali.

"Mmeisikiliza kwa thelathini na tatu," alisema polepole. "Polisi wote, na mafundi wenu."

"Na mwanafunzi wa Tourcoing. Na nadhani nusu ya wateja wenu." Odile alikuwa akifunga vifungo vya koti, akakosea kimoja, akaanza upya. "Naichukua nakala hii."

"Utamkamata yule mama?"

Odile aligeuka akiwa mlangoni.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na dakika kumi."

*

Mama Desreumaux alifungua mlango akiwa na aproni ileile. Safari hii hakumimina kahawa. Aliona jalada la kijivu chini ya kwapa la Odile, akavuta kiti, akakaa, mikono magotini.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, mama. Kabla hujasema chochote, nisikilize vizuri. Mimi ni polisi. Ukiniambia, sitaweza kujifanya sikusikia. Una haki ya kunyamaza na kungoja wakili."

"Nimenyamaza vya kutosha." Alinyoosha mkono. "Nipe niione."

Alilishika jalada kwa ncha za vidole, akaligeuza mbele na nyuma, akitafuta maandishi yasiyokuwapo.

"Yule kijana wa kwenye mashine alikuwa na sauti nzuri," alisema. "Taratibu. Alisema, sema. Nikafikiri wanasikiliza wao tu, halafu wanafuta. Sikujua wanatengeneza santuri. Watu wangapi wamenisikia?"

"Zilichapwa mia mbili."

"Mia mbili!" Alifikiri. "Na miongoni mwao hakuna hata mmoja aliyesema, huyu ni Léonie?"

Odile alisita. Kisha akamweleza kuhusu kasi, kwa maneno machache. Jinsi santuri kubwa huchezwa polepole, na kwamba hii ilitaka haraka. Jinsi fundi wa Lille alivyoandika haisikiki, haisikiki.

"Walisikia mwanamume," alisema Mama Desreumaux.

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na moja nimeishi na Edmond. Nikisema jambo, anasema nani kaongea? Anatazama dirishani: nani kaongea, ni paka? Mbele ya wageni. Wageni wanacheka, na mimi nacheka. Halafu nakuja kusema kitu kimoja cha kweli maishani mwangu, mia mbili wanasikiliza, na wanasikia mwanamume." Alitikisa kichwa, akacheka kidogo kwa lile koo lake bovu, machozi yakamtoka palepale. "Hebu niambie, binti. Ungefanya nini?"

Odile alichuchumaa mbele yake.

"Kijana yule anapelekwa gerezani saa kumi na moja," alisema. "Nikimpigia jaji sasa, nikamwambia nimepata sauti ya kweli, atamwachia. Lakini atauliza ya nani."

"Simu iko ukumbini."

Ilikuwa simu mpya, juu ya kitambaa cha kufumwa. Odile alizungusha namba ya jaji. Karani akamwambia angoje, kisha jaji mwenyewe akaja, amekasirika, na Odile alianza kueleza: sauti haikuwa ya Queval, kasi ilikosewa, kuna shahidi, kwa usahihi zaidi kuna...

Mkono mfupi ulimgusa kiwiko.

"Nipe," alisema Mama Desreumaux.

"Mama, si lazima. Ninaweza kusema mimi."

"Najua unaweza. Nipe."

Odile alimpa. Mjane aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili, akasimama wima, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji baridi.

"Bwana jaji, mimi ni Léonie Desreumaux."

Upande wa pili jaji alisema jambo. Odile aliweza kusikia mlio wa sauti yake tu, mkali na wa haraka, ukiuliza nani huyo anayeongea.

"Léonie Desreumaux," alirudia mjane, kwa sauti kubwa zaidi, na akaanza kumtajia herufi za jina lake moja baada ya nyingine, bila haraka, akingoja kila herufi iandikwe.